Nanyama na Mkwe Mwenye Mashine

Nanyama Wangila hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia mtu anasafishwa damu kwa mashine kila wiki, huanza kutikisa kichwa na kusema maskini. Maskini wapi? Tumeishi ploti moja hapa Langas tangu watoto wetu wakiwa wadogo, mlango wake ukitazamana na wangu, na sijaona ulimi mkali kama ule. Ukianika nguo kwenye kamba yake, utazikuta ndani ya ndoo. Ukikwepa zamu yako ya kuosha choo, jina lako litatajwa asubuhi kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Lakini mume wangu alipofariki, ni yeye aliyelala sakafuni kwangu mpaka matanga yakaisha, akipika, akiosha, akiwafukuza wale waliokuja kula tu. Nilimpenda, na mara nyingi nilitamani kumzaba kofi.

Alitoka pande za Chwele akiwa bibi harusi wa Wangila, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, Wangila alirudi nyumbani na mfuko wa vitambaa na tabia ya kunyamaza, na tangu siku hiyo Nanyama akawa ndiye bwana na ndiye bibi. Aliuza mboga karibu na steji ya matatu: sukuma, saga, mrenda, majani ya kunde. Alikata sukuma nyembamba sana huku akikukodolea macho na kukuuliza kwa nini hukuonekana kanisani Jumapili. Kwa mboga hizo alimsomesha Ashley, mtoto wake wa pekee, mpaka msichana akaajiriwa kuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Wateja wote wa mboga walilazimika kuisikia habari hiyo kabla ya kupewa chenji yao.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Nanyama hakulifanyia mzaha, nalo ni ukwe. Kwetu sisi Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono, hawali chumba kimoja, wala hawatazamani usoni. Mkwe akija, mama anabaki jikoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Habari ya mkwe kuona kifua cha mama aliyemnyonyesha mke wake haizungumzwi hata kwa utani. Mjini wengi wamelegeza. Mimi huwasalimia wakwe zangu kwa mkono, na sijaota pembe. Nanyama hakulegeza hata kidogo. Jirani mmoja alipomkumbatia mkwe wake aliyemletea keki ya Krismasi, Nanyama alisimama katikati ya uwanja na kusema, "Mwacha mila ni mtumwa. Huyu naye amekuwa mtumwa wa keki." Yule mama hakuweza kukaa tena kwenye ploti, akahama kabla ya Pasaka.

Ashley aliolewa na Lenny, kijana wetu wa upande wa Kitale, mpole, mwenye vidole virefu na viatu vilivyopigwa rangi kila siku. Ng'ombe wa mahari walikuja, na kwa kuwa ploti haina pa kufunga hata mbuzi, walipelekwa Soy kwa Mzee Kituyi, kaka mkubwa wa Wangila. Harusi ya kanisani ilipangwa Desemba. Lenny akija kuwasalimu wazee, Nanyama alikaa nyuma ya pazia la jikoni akipitisha chai kwa mkono wa Ashley. Alimjua mkwe wake kwa kikohozi na kwa viatu. Kazi ya kijana ilikuwa kupiga picha za moyo kwa mashine katika hospitali ndogo ya binafsi mjini, na Nanyama aliisifia kazi hiyo kwa kila mtu isipokuwa Lenny mwenyewe.

Figo ziliharibiwa na presha. Alikuwa nayo miaka mingi akiitibu kwa vidonge vya kichwa na maombi. Alipoanza kuvimba miguu alisema ni viatu. Alipovimba uso akasema ni wivu wa watu. Siku alipoanguka juu ya mboga zake tulimpeleka hospitali, ileile anakofanya kazi Lenny, maana ndiyo iliyokuwa na nafasi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Sasa, mashine hiyo inataka njia ya kuchotea damu na kuirudisha. Walijaribu kuunganisha mishipa mkononi, ikakataa. Wakaweka mpira shingoni upande wa kulia, ukaziba, wakahamia kushoto, nao ukaziba. Mwishowe wakamwekea mpira wa kudumu chini ya mtulinga, ukapita ndani kwa ndani mpaka kwenye mlango wa moyo, huku nje zikining'inia ncha mbili zenye vifuniko. Daktari, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, alimwambia, "Mama, njia za juu zimeisha. Huu mpira uutunze kama mboni ya jicho." Nanyama aliutunza. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa ila nesi Wangeci wa chumba cha mashine, na hata Wangeci alikaripiwa asipoosha mikono mbele ya macho yake.

Kisha ikaja baridi. Kila alipounganishwa na mashine, baada ya muda kidogo alianza kutetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Baadaye homa, jasho, halafu kutulia. Siku ya pili yuko sawa, anauza mboga na kutukana watu. Na huyu mjanja wetu, bila kumwambia mtu, akawa ananunua vidonge vya rangi mbili pale kemisti, anameza viwili kila asubuhi ya mashine. Damu ikatolewa kupelekwa maabara, majibu yakaja kwamba hakuna kitu. Ikatolewa tena, hakuna kitu. Nilipoviona vile vidonge kwenye sidiria yake nilikwenda moja kwa moja kwa daktari, na daktari alishika kichwa.

"Ndiyo maana maabara haioni chochote," alimwambia Nanyama, mimi na Wangila tukiwa kando ya kitanda. "Hivyo vidonge vinawazubaisha vijidudu kwenye damu, lakini haviwaui waliojificha kwenye mpira. Mashine ikisukuma damu, wanatoka nayo. Eksirei nimepiga. Inanionyesha mpira uko mahali pake, hainionyeshi ni nini kimeushika. Nataka picha ya moyo, ile ya mawimbi ya sauti."

"Ya nini, na mimi ni mgonjwa wa figo?"

"Ncha ya mpira iko ndani ya moyo. Kama kuna donge la uchafu limeota hapo, nikiuvuta hivihivi donge linaweza kukatika liende kwenye mapafu. Hapo unakufa mikononi mwangu. Na kama hakuna donge, nikiung'oa nitakuwa nimekufungia njia bure. Lazima nione kwanza."

"Sawa," Nanyama akasema. "Wapi?"

"Hapa tu chini. Kuna kijana wetu, Lenny."

Nilimtazama Wangila, Wangila akatazama dirisha. Nanyama alishuka kitandani, akatafuta viatu vyake, akajifunga leso.

"Huyo ni mkwe wangu," alisema. "Hanipimi."

Daktari hakuelewa, na tulipomweleza akaelewa lakini hakujali. Alisema tutafute kwingine, lakini tufanye haraka. Hospitali kubwa ya serikali ilikuwa na mgomo. Hata mlinzi wa lango alituonea huruma. Tukaelekezwa kliniki moja ghorofani, katikati ya mji, yenye mashine kama ile. Tulipanda ngazi polepole, mgonjwa akipumzika kila kona huku akiwalaani waliojenga. Tukalipia, tukaitwa, mlango wa chumba cha picha ukafunguliwa, na aliyeufungua ni Lenny. Kumbe mchana hufanya kibarua pale.

Sijawahi kuona mtu mzima akikimbilia kona namna ile. Lenny aligeukia ukuta, paji lake likigusa kalenda. Nanyama alijifunika leso kichwa kizima na kurudi kinyumenyume mpaka akamkanyaga msichana wa mapokezi. Nilicheka njia nzima ya kushuka. Nanyama alinifinya mkono pakabaki alama, na sikuacha kucheka mpaka nilipomwona ameketi kwenye ngazi ya mwisho akitetemeka, na hakuwa na mashine yoyote siku hiyo. Baridi ilikuwa imeanza kumfuata mpaka nje.

Wangila akasema twende Kisumu. Daktari akakataa: huyu hawezi safari, akishikwa njiani mtafanya nini? Akalazwa.

Nesi Wangeci ndiye aliyeleta wazo la pazia. Watoto wa Kikuyu hawakati tamaa. Alisema yeye atashika kile kifaa cha kupimia kifuani, Lenny akae upande wa pili wa pazia aangalie skrini tu na kumwelekeza. Nanyama alikubali kwa shingo upande. Akalala, akafunguliwa blauzi, Wangeci akampaka yale maji mazito ya baridi.

"Panda juu kidogo," sauti ya Lenny ikasema nyuma ya pazia, chini sana. "Chini ya titi, elekeza bega la—"

Nanyama aliketi wima. Kifaa kikaanguka. "Ametaja nini?"

"Mama Ashley, ni lugha ya kazi tu, lala," Wangeci alimsihi.

"Ametaja titi langu!"

Wakajaribu tena bila Lenny kusema neno, akigonga meza mara moja kwa kushoto na mara mbili kwa kulia. Wangeci alihangaika hadi jasho likamtoka, na kwenye skrini kukaonekana kijivu juu ya kijivu. Mkono usiojua haujui. Lenny alitoka kupitia mlango wa nyuma, nami nikamkuta kwenye korido amejiegemeza, machozi yanamlenga. "Mama," aliniambia, "nimeona kitu kinapita pale, mara moja tu. Siwezi kuapa. Nikipewa dakika chache ningejua. Ajifunike uso, anifunike mimi uso, vyovyote."

Nilimpelekea Nanyama ujumbe huo. Alisema heri afe na heshima yake. Basi kufa, nilimwambia, kufa tukakuzike na heshima yako tuone kama itakupikia uji. Nilikuwa na hasira ya kweli, sina haja ya kuipaka asali. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa amekifungia nguo kabisa asikione mtu.

Baada ya mashine iliyofuata alitetemeka mpaka akaanza kusema na mama yake aliyekufa zamani. Daktari akatuita, akatuambia hawezi kungoja zaidi. Atauvuta mpira bila picha, na litakalokuwa na liwe. Ashley alipiga magoti pale kwenye sementi. Usiku ule homa ilishuka, na asubuhi tulimkuta Nanyama ameketi, macho makavu, akili imekaa sawa. Alikuwa amefikiri, na ningependa kusema kwamba kufikiri kwake kulituletea heri.

"Lenny ni mkwe wangu kwa sababu gani?" aliniuliza.

"Kwa sababu amemwoa Ashley."

"Amemwoa kwa nini?"

"Kwa ng'ombe."

"Basi ng'ombe warudi."

Nilidhani homa imerudi. Lakini alikuwa amekwisha kumtuma Wangila Soy kumleta Mzee Kituyi. Nanyama alipewa ruhusa ya nusu siku, tukamleta nyumbani kwa teksi, tukamlaza kwenye kochi, na kikao kikakaa sebuleni kwake: Mzee Kituyi na fimbo yake, wazee wawili wa ukoo wanaoishi hapa mjini, Wangila kwenye stuli, mimi mlangoni. Ashley alipakua chai. Hakuna aliyekuwa amemwambia kikao ni cha nini. Alifikiri ni cha maombi.

Mzee Kituyi hakupenda jambo hilo. Nampa haki yake. Alisema ndoa haivunjwi kwa ajili ya kipimo. Alisema zipo njia za kutakasa, kijana ampime kwanza, halafu kondoo achinjwe.

"Mzee," Nanyama alisema kutoka kwenye kochi, sauti nyembamba lakini maneno yaleyale, "wewe ungekubali kuvuliwa na mkaza mwanao, halafu ule kondoo?"

Mzee akakohoa. Akanywa chai. Alijua kwamba hangekubali, na sote tulijua.

"Ndama mmoja akirudishwa mbele ya mashahidi, ndoa imekatika," alisema hatimaye. "Harusi ya kanisa haijafanyika, hiyo ni bahati. Lakini kuna swali moja. Mtoto akiwapo, hata tukirudisha zizi zima, ukwe haufi. Damu zimekwisha changanyika. Ashley, kuna mtoto?"

Ashley alikuwa ameshika birika. Alikuwa na mimba. Aliyejua ni yeye na Lenny peke yao, walikuwa wanangoja Desemba waitangaze pamoja na harusi. Mimi nilikuja kuambiwa baadaye, na kila nikilikumbuka lile birika naona jinsi alivyoliweka mezani taratibu, akageuza mkono wake ili lisimwagike. Alimtazama mama yake. Nanyama alikuwa amefumba macho, midomo imemkauka, na ule mpira ukiinuka kidogo chini ya leso kila alipovuta pumzi.

"Hakuna," Ashley alisema.

"Una hakika?"

"Hakuna, Mzee."

Wangila, baba yake, alianza kulia. Nanyama alimwambia anyamaze, mtu hajafa.

Ndama alipelekwa Kitale siku ileile kwa pikapu ya kukodi. Baba yake Lenny alimkuta amefungwa kwenye nguzo ya lango lake na wazee wawili wamesimama kando, wakasema maneno yao wakaondoka. Lenny alipigiwa simu na Ashley akiwa kazini. "Ni drama ya wazee tu, babe," alimwambia, kama Ashley mwenyewe alivyonisimulia baadaye. "Mathe apone kwanza, then narudi. Nani atatuuliza?" Naye Lenny akakubali, kwa sababu alikuwa kijana na alimpenda, na kwa sababu alitaka kuona kile kitu kilichopita kwenye skrini yake.

Nilikuwamo chumbani siku ya picha. Nanyama aliingia mwenyewe, hakujifunika uso. Alipanda kitandani, akafungua vifungo vya blauzi kimoja kimoja bila kuharakishwa, akalala kwa ubavu wa kushoto kama alivyoelekezwa. Lenny alikuwa anatetemeka kuliko mgonjwa.

"Kumbe una sura nzuri," Nanyama alimwambia, akimkagua kuanzia nywele. "Nilikuwa nakujua viatu tu. Ungebaki mkwe wangu nisingekujua mpaka kufa."

"Asante, mama."

"Shika hiyo kitu yako vizuri. Mbona mkono unacheza?"

Akaishika. Na nikaona jinsi mtu anayejua kazi anavyoifanya. Alizungusha kidogo, akabonyeza, na pale palipokuwa na kijivu pakatokea moyo, vyumba vyake, vilango vinavyofunguka na kufungika. Mpira ulionekana kama mistari miwili myeupe. Kwenye ncha yake palikuwa na kitu kinene, cha ukubwa wa punje ya maharagwe, kinayumba kila moyo unapopiga, kinaukaribia mlango, kinarudi. Lenny aliigandisha picha. Alimwita daktari, daktari akaja na kandambili miguuni, akatazama, akasema kwamba angeuvuta mpira ule jana tungekuwa tunapanga mazishi.

Walimpa dawa kali za mshipa mpaka donge likapungua, Lenny akilipima kila baada ya muda, kisha daktari wa upasuaji akautoa mpira kwa uangalifu. Ncha yake ilipopelekwa maabara ikaota vijidudu tele. Wakatafuta njia mpya kwenye paja, mpira mrefu unaopanda mpaka moyoni. Siku zikapita bila kutetemeka. Nanyama akarudi nyumbani akiwa amekonda, akakaa mlangoni kwake, na asubuhi ya kwanza akataja jina la mtu ambaye hakuosha choo. Nilifurahi hadi nikalia. Sikatai, nilifurahi sana.

Jumamosi iliyofuata Ashley alifunga begi lake. Alikuwa amevaa gauni pana. Nanyama alimwuliza anakwenda wapi.

"Kwangu, Mama. Umepona."

"Kwako ni hapa."

"Mama, si tulielewana ilikuwa ya kipimo tu?"

"Nani alielewana? Mimi nilivuliwa na kijana wa watu, daktari. Ukirudi kwake leo, aliyenivua ni mkwe wangu. Unataka nitembee vipi hapa nje?" Kisha akaongeza, bila hasira hata kidogo, kama anayempangia mtu zamu ya maji: "Na daktari amesema nitapimwa kila mara, maana huu mpira nao unaweza kushikwa. Atanipima nani?"

Ashley aliketi juu ya begi. Niliona uso wake ukibadilika, na nikajua kabla hajasema.

"Mama, nina mimba ya Lenny. Nilikuwa nayo siku ya kikao."

Sufuria ilikuwa inachemka na hakuna aliyeipunguzia moto. Nilisubiri Nanyama apige kelele. Nilisubiri amkumbatie mtoto wake, nikamwomba Mungu amkumbatie. Badala yake aliketi chini polepole, akinyoosha ule mguu wenye mpira, akamtazama Ashley tumboni kwa muda mrefu.

"Mbele ya wazee ulisema hakuna."

"Nilidanganya ili upone."

"Nimepona," Nanyama alisema. "Basi usiuache njiani huo uongo, mwanangu. Umalize."

Nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni. Nilimwita mchawi, nilimwita muuaji, nikamwambia figo zilikufa lakini roho ndiyo iliyotangulia. Alinisikiliza mpaka nikachoka, akaniuliza kama nimemaliza, akaniomba nimpunguzie moto kwenye sufuria. Nikaupunguza. Wangila alikuwa ametoka nje.

Lenny alingoja, akapiga simu zisizopokelewa, hatimaye akaja. Alikuja na baba yake mwendo wa alasiri, na yule ndama wamemrudisha kwenye pikapu. Ploti nzima ilitoka milangoni. Nanyama hakukimbilia jikoni. Alitoka mpaka langoni, kichwa wazi, akampa Lenny mkono, mkono mzima, wa kulia, akamsalimu baba yake kwa jina.

"Tumekuja kumchukua bibi yetu na mtoto wetu," mzee alisema.

"Bibi yenu mlirudishiwa ndama wake. Mtoto si wenu."

"Mama," Lenny alisema, "ni wangu. Unajua ni wangu."

"Mimi nimejuaje? Uliza mwenyewe."

Ashley alikuwa amesimama nyuma yake, mikono juu ya tumbo ambalo sasa gauni halikulificha. Lenny hakuuliza. Alimwambia tu, "Ash, twende." Alimnyooshea mkono, vile vidole virefu.

Nikamwona Ashley akimtazama mama yake kutoka mguu ule wenye bandeji kwenda juu, mpaka usoni. Mama yake hakumrudishia jicho. Alikuwa akimwangalia ndama.

"Si wako, Lenny," Ashley alisema. "Nilikuwa na mtu mwingine. Nendeni."

Alilisema mbele ya ploti nzima, na watu wa ploti wanajua kubeba maneno. Kabla jua halijazama neno hilo lilikuwa limefika stejini. Baba yake Lenny alitema mate chini. Lenny alimpandisha baba yake kwenye pikapu, akamfunga mkanda, akazunguka akaketi upande wake, na gari likakaa muda pale pale likinguruma kabla ya kuondoka.

Nilifikiri angeacha kazi, ahamie mji mwingine. Hakuacha. Siku ya miadi nilimsindikiza Nanyama kama kawaida, kwa sababu Ashley hangeweza kukanyaga pale, na kwa sababu mimi ni mjinga. Lenny alitupokea mlangoni. Nanyama akapanda kitandani, akafungua vifungo, akalala kwa ubavu, akalalamika kwamba yale maji ni baridi. Lenny alimpima kwa utulivu, mkono haukucheza. Moyo ulionekana, mpira ukaonekana, ncha yake ni safi.

Aliendelea kushika kifaa pale kifuani hata baada ya kuona alichotakiwa kuona. Halafu, macho yake yakiwa bado kwenye skrini, aliuliza kwa sauti ambayo nusura nisiisikie:

"Mama, mtoto ameanza kucheza tumboni?"

Nanyama aligeuza uso ukutani.

"Wewe pima tu, daktari," alisema.